Redio ya Mkononi kwa Mvuvi wa Kayaki: Mwongozo wa Kuchagua na Kutunza

Mvuvi anayetumia kayaki, yaani chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili kinachoendeshwa kwa kafi, hukaa karibu sana na maji, hana mahali pakavu pa kuwekea vitu, na mara nyingi huwa peke yake. Hali yake haitofautiani sana na ya mvuvi wa mtumbwi au ngalawa anayevuka mwamba alfajiri kwenda kurambaza nguru na jodari kwenye maji makubwa. Kwa wavuvi wa vyombo hivi vidogo katika pwani ya Afrika Mashariki, redio ya mkononi ya baharini ni miongoni mwa vifaa vichache vya kuitia msaada vinavyoweza kubebwa mwilini, kutumika bila mnara wa simu na kumfikia yeyote aliye karibu.

Redio hizo huuzwa kwa sifa nyingi, na mnunuzi asiyejua kuzipambanua anaweza kulipia mambo ambayo hayatamfaa kitu siku ya shida. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unafuata kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: kila sifa ipimwe kwa kumfikiria mtu aliyekwisha kuanguka majini, aliyechoka, mwenye mkono mmoja tu ulio huru. Sifa inayomfaa mtu huyo ndiyo ya kununuliwa, na matunzo yanayohakikisha kwamba sifa hiyo itafanya kazi siku hiyo ndiyo ya kutiliwa mkazo.

Jinsi redio ya baharini inavyofanya kazi

Redio hii hutumia mawimbi ya VHF, yaani mawimbi ya masafa ya juu sana, kuanzia takriban megahezi 156, na masafa hayo yamegawanywa katika chaneli zenye namba zinazotambuliwa kimataifa. Chaneli 16, iliyo kwenye megahezi 156.8, ni ya dharura, usalama na wito wa kwanza. Chaneli 70, iliyo kwenye megahezi 156.525, ni ya ujumbe wa kidijitali peke yake na haitumiwi kwa kuzungumza. Chaneli 6, 8, 72 na 77 ni kati ya zile zilizotengwa katika mpango wa kimataifa kwa mawasiliano ya chombo na chombo.

Simu ya mkononi humfikia mtu mmoja aliyepigiwa, tena pale tu penye mtandao, ambao hufifia kadiri chombo kinavyotoka nje ya mwamba. Wito wa redio, kinyume chake, husikika kwa wakati mmoja na wote walio kwenye chaneli hiyo na ndani ya eneo ambalo mawimbi yanafika: meli inayopita, boti ya abiria, mashua ya watalii na kituo cha uokoaji kilichoko nchi kavu. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa katika ajali nyingi za baharini anayewahi kufika ni chombo kilicho jirani, wala si kile kilichotumwa kutoka bandarini. Simu ibebwe ndani ya mfuko usiopenya maji, lakini isihesabiwe kuwa badala ya redio.

Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo mviringo wa dunia huyazuia, na umbali yanaofika hutegemea zaidi kimo cha antena kuliko nguvu ya redio. Kwa makadirio, kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita kikizidishwa kwa 4.1 hutoa umbali kwa kilomita, kisha umbali wa antena ya anayesema hujumlishwa na wa antena ya anayesikiliza. Antena ya mvuvi aliyeketi kwenye kayaki huwa kimo cha mita moja hivi juu ya maji, kwa hiyo kayaki mbili zinaweza kusikilizana kwa takriban kilomita 8 bahari ikiwa shwari, na meli yenye antena ya kimo cha mita 25 inaweza kuisikia kayaki hiyo kutoka umbali wa kilomita 24 hivi. Mvuvi akiwa ndani ya maji, antena ikiwa robo mita tu juu ya maji, sehemu yake ya umbali hupungua kutoka kilomita 4 hadi 2, na mawimbi ya bahari huipunguza zaidi. Hesabu hizi ni za hali njema. Bahari inapochafuka inafaa mtu atarajie pungufu, asubiri wimbi limwinue, na ashike redio juu kadiri mkono unavyofika huku antena ikiwa wima.

Sifa za kuzingatia wakati wa kununua

Sifa ya kwanza ni uwezo wa kuhimili maji, ambao huonyeshwa kwa alama za IP, yaani kipimo cha kimataifa cha namna kifaa kinavyozuia vumbi na maji. Alama ya IPX7 ina maana kwamba kifaa kilizamishwa katika maji yenye kina cha mita moja kwa dakika 30 bila kudhurika, na IPX8 ina maana kwamba kilijaribiwa kwa masharti makali zaidi yanayotajwa na mtengenezaji. Redio ya kayaki isiwe chini ya IPX7. Ifahamike, hata hivyo, kwamba majaribio hayo hufanywa kwa redio mpya na kwa maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo alama hiyo haisemi lolote kuhusu redio iliyokaa miaka mitatu juani na kwenye chumvi.

Sifa ya pili ni kuelea. Redio isiyoelea, ikimponyoka mvuvi nje ya mwamba, haipatikani tena, kwa kuwa katika sehemu kama Mkondo wa Pemba kina ni cha mamia ya mita. Baadhi ya redio zinazoelea huwasha taa yenyewe mara zinapogusa maji, jambo linalosaidia sana kabla ya mapambazuko. Rangi nayo ina uzito wake: redio ya manjano au ya machungwa huonekana juu ya maji, ilhali nyeusi hupotea machoni.

Sifa ya tatu ni nguvu ya kurusha mawimbi, ambayo kwa redio nyingi za mkononi ni wati 5 au 6, pamoja na nafasi ya kushusha hadi wati 1. Mnunuzi asilipie zaidi kwa ajili ya wati moja ya ziada, kwa kuwa tofauti kati ya wati 5 na 6 haitambuliki kwa msikilizaji, wala haivuki mviringo wa dunia. Chenye faida ni uwezo wa kushusha nguvu kwa mazungumzo ya karibu, maana hilo hulinda betri na huwaacha wengine walio mbali watumie chaneli hiyo.

Sifa ya nne ni betri. Saa zinazotangazwa kwenye boksi kwa kawaida hukadiriwa kwa kudhani kwamba asilimia 5 ya muda redio inarusha mawimbi, asilimia 5 inapokea sauti, na asilimia 90 iko kimya ikisubiri. Saa 10 kwa mpango huo ni sawa na nusu saa tu ya kusema, na mtu aliye hatarini husema zaidi ya hapo. Kwa hiyo ichaguliwe redio ambayo saa zake zinazidi kwa mbali muda wa safari ya kawaida, na ikiwezekana ile yenye kisanduku cha ziada cha kuwekea betri kavu za dukani. Betri hizo hazitoi daima nguvu kamili ya kurusha, lakini zinapatikana karibu katika kila duka la kijijini.

Sifa ya tano, na ndiyo inayostahili gharama kuliko nyingine zote, ni DSC, yaani mfumo wa wito wa kidijitali, ukiambatana na kipokezi cha GPS kilicho ndani ya redio yenyewe. Redio yenye mfumo huu huwa na kitufe chekundu kilichofunikwa, ambacho kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa hupeleka kwenye chaneli 70 namba ya utambulisho, mahali mwito ulipotoka kwa latitudo na longitudo, na wakati. Kisha ujumbe huo hurudiwa na redio yenyewe kila baada ya takriban dakika 4 mpaka upate jibu. Aliyeishiwa pumzi, au ambaye sauti yake inamezwa na upepo wa kusi, anaweza kuomba msaada bila kutamka neno. Namba hiyo huitwa MMSI, ina tarakimu 9, na tatu kati yake huonyesha nchi: 634 ni ya Kenya, 674 na 677 ni za Tanzania. Iombwe kwa mamlaka husika kabla ya kuingizwa, na iingizwe kwa makini, kwa kuwa redio nyingi huruhusu mara moja au mbili tu kisha hujifunga. Wito wa DSC hupokelewa na vyombo na vituo vyenye vifaa vya DSC, kwa hiyo ufuatiwe na wito wa sauti kila inapowezekana.

Zipo sifa ambazo katika pwani hii hazina kazi. Kitufe cha WX, kinachosifiwa katika matangazo mengi, hufungua chaneli za taarifa za hali ya hewa zinazorushwa Marekani na Kanada, na huku hakitasikika kitu. Mvuvi ategemee taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kabla ya kushuka majini. Vilevile baadhi ya redio hutoka kiwandani zikiwa kwenye mpango wa chaneli wa Marekani, hivyo zibadilishwe ziwe kwenye mpango wa kimataifa unaoandikwa INT, la sivyo baadhi ya chaneli hazitalingana na zile za vituo vya pwani. Chaneli 16 ni ileile katika mipango yote.

Redio za upepo za nchi kavu, zinazouzwa kwa bei nafuu na kutumiwa na walinzi na mafundi, zisichukuliwe kuwa badala ya redio ya baharini. Nyingi haziwezi kufika chaneli 16, na zile zinazoweza kuingizwa masafa hayo hazikuidhinishwa kwa kazi hiyo wala hazihimili kuzamishwa.

Hatimaye mnunuzi aishike redio yenyewe. Avae glovu au aloweshe mikono, afumbe macho, kisha ajaribu kuiwasha, kwenda chaneli 16 kwa kitufe kimoja na kubonyeza kitufe cha kusemea kwa mkono mmoja tu. Redio inayomshinda dukani itamshinda zaidi majini, hata kama alama zake zote ni nzuri.

Leseni na utaratibu

Kanuni za kimataifa za redio zinataka kituo cha redio kilichomo chomboni kiwe na leseni, na anayeitumia awe na cheti cha uendeshaji. Tanzania suala hili linashughulikiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Masharti na ada ziulizwe kwao kabla ya kununua. Wavuvi wa diko moja wanaweza kwenda pamoja kupitia chama au kikundi chao cha usimamizi wa uvuvi, jambo linalopunguza usumbufu na kuwawezesha kupata mafunzo ya pamoja.

Mahali pa kuibeba

Redio ifungwe kwenye jaketi la kuokolea, upande wa kifua karibu na bega, antena ikielekea juu. Isiwekwe kwenye shimo la kayaki, kwenye kikapu cha samaki wala chini ya kiti, kwa kuwa kayaki iliyopinduka husukumwa na upepo kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kuogelea, na redio iliyobaki ndani yake huondoka pamoja nayo. Kamba ya kuifungia iwe na urefu wa mkono, itoshe kuifikisha mdomoni na kuinyanyua juu ya kichwa, lakini isiwe ndefu kiasi cha kunasa kwenye mishipi na ndoana.

Redio iwashwe kabla ya kuingia majini, ili GPS ipate muda wa kutambua mahali ilipo, na ibaki kwenye chaneli 16. Ikiwa wavuvi wenzi wanataka kuzungumza, watumie nafasi ya kusikiliza chaneli mbili kwa zamu, kwa mfano 16 na 72, ili mazungumzo yao yasiwakoseshe wito wa dharura. Kidhibiti cha mvumo, kinachoandikwa SQL, kirekebishwe mpaka mvumo ukome tu. Kikikazwa zaidi ya hapo huzuia pia sauti dhaifu, ambayo huenda ndiyo ya mtu aliye mbali na anayehitaji msaada. Ichungwe pia kwamba kitufe cha kusemea hakibanwi na mkanda au mwili, kwa sababu redio iliyobanwa hivyo huziba chaneli kwa kila mtu aliye karibu.

Matunzo

Adui wa redio ni chumvi, joto na kutojali. Baada ya kila safari, hata ile ambayo redio haikuloa, vifuniko vyote vihakikiwe kuwa vimefungwa, kisha redio isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi yanayotiririka taratibu, hasa pembezoni mwa vitufe, kwenye matundu ya spika na kwenye kiungo cha betri. Maji ya bomba lenye msukumo mkubwa yasitumike, kwa kuwa yanaweza kupenya mahali ambapo bahari yenyewe haikupenya. Baada ya kusuuzwa redio ifutwe kwa kitambaa laini na ikaushwe kivulini.

Betri isichajiwe ikiwa na unyevu. Umeme unapopita kwenye pini zenye maji ya chumvi huzila, na ile kutu ya kijani inayoonekana kwenye pini ni dalili kwamba kosa hilo limekuwa likirudiwa. Pini zifutwe mara kwa mara kwa kifutio safi cha penseli au kitambaa chenye spiriti. Betri za lithiamu huchakaa upesi kwenye joto, kwa hiyo zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani wala juu ya kayaki iliyoanikwa ufukweni. Redio inayotumika kila wiki ichajiwe ijae usiku wa kuamkia safari, lakini ile itakayokaa miezi kadhaa, kwa mfano wakati wa kusi kali, ihifadhiwe ikiwa na takriban nusu ya chaji, mahali pakavu penye ubaridi. Betri iliyovimba isitumike tena kwa namna yoyote.

Mpira wa kuziba, ambao mafundi huuita oringi, ndio unaozuia maji yasiingie pale betri inapokutana na redio, na ndio sehemu ndogo inayoharibu redio nyingi. Ukaguliwe angalau mara moja kwa mwezi: usiwe na mchanga, unywele, ufa wala sehemu iliyobapika, na upakwe grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu. Mpira uliochoka ubadilishwe. Ipo sababu maalumu ya kuutunza mpira huu katika nchi zenye jua kali: redio iliyopata joto ikitumbukia baharini hupoa ghafla, hewa iliyo ndani yake husinyaa, na msinyao huo huvuta maji kupitia mwanya wowote uliopo. Ndiyo maana redio inaweza kuvuka miaka miwili ya mvua na marasharasha, kisha ikafa siku ya kwanza ilipozama.

Antena isitumiwe kuwa mkono wa kubebea redio, na shina lake likaguliwe kama lina ufa. Redio isibonyezwe kusemewa ikiwa antena imetolewa, kwa kuwa nguvu isiyopata njia ya kutoka inaweza kuunguza sehemu ya kurushia. Endapo maji ya chumvi yameingia ndani, redio izimwe, betri itolewe papo hapo, na kifaa kifikishwe kwa fundi mapema. Redio iliyokauka na kuwaka tena isiaminiwe kwa safari mpaka ijaribiwe, kwa sababu chumvi iliyobaki huendelea kula ndani.

Wito wa dharura

Kifaa kilichotunzwa vizuri hakifai kitu mikononi mwa mtu asiyejua la kusema. Maneno ya wito wa dharura yakaririwe nyumbani kwa sauti, redio ikiwa imezimwa, mpaka yatoke bila kufikiri. Mvuvi abonyeze kitufe, asubiri kidogo, aweke mdomo umbali wa vidole vitatu kutoka kwenye kinasa sauti na aseme polepole:

"MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY. Hapa ni kayaki Tumaini, Tumaini, Tumaini. MAYDAY, Tumaini. Nipo maili mbili za baharini mashariki ya Ras Nungwi. Kayaki imepinduka, nimo majini. Naomba kuokolewa haraka. Mtu mmoja, jaketi la machungwa. Ova."

Kisha aachie kitufe, kwa kuwa redio haiwezi kusikia na kusema kwa pamoja. Mahali alipo patangulie maelezo mengine, ili wito ukikatika msikilizaji awe amekwisha kujua pa kwenda. Wito urudiwe kwa Kiingereza chepesi, kwa sababu mabaharia wengi wa meli zipitazo Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hawajui Kiswahili. Mwenye redio ya DSC aongeze namba yake ya MMSI baada ya jina la chombo. Pale ambapo shida ipo lakini maisha hayako hatarini, kama vile kafi kuvunjika upepo ukiwa tulivu, neno PAN-PAN, likitamkwa mara tatu, ndilo linalotumika badala ya MAYDAY. Kitufe chekundu kisijaribiwe kwa mchezo wala kwa mazoezi.

Mwenzi wa pwani

Redio ina mipaka yake: hufika tu pale ambapo kuna antena nyingine, na zipo ghuba na saa ambazo hakuna anayesikiliza. Kwa mvuvi aendaye mbali, kifaa cha kibinafsi cha kuonyesha mahali kwa satelaiti, kinachotumia megahezi 406, ni nyongeza ya maana. Kwa kila mvuvi, wa karibu na wa mbali, hakuna budi awepo mtu nchi kavu anayejua ametokea diko gani, anakwenda kuvua upande upi, atarudi saa ngapi, na nani wa kuarifiwa saa hiyo ikipita: polisi wa majini, uongozi wa diko au kituo cha uratibu wa uokoaji kama kile cha Mombasa. Saa hiyo iandikwe, isiachwe kwenye kumbukumbu, na mvuvi akirudi salama amjulishe mwenzi wake kabla hajaanza kupara samaki.

Anayechagua redio kwa kipimo cha mtu aliye majini, akaisuuza kila arudipo, akakagua mpira wake kila mwezi na kukariri wito wake, amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kujiokoa akiwa bado nchi kavu. Kazi hiyo haihitaji utaalamu, nayo ikifanywa kwa pamoja na wavuvi wa diko zima, kila redio iliyo hewani huwa pia sikio la kumsikia mwenzake.